Kubadili tangazo la simu ya ofisi ukiwa mbali: maelezo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

KIGALI -- Mwishoni mwa Februari 2019 malori makubwa yaliyokuwa yakiingia Rwanda kwa njia ya Gatuna yalitakiwa kupitia Kagitumba, ambako upande wa Uganda panaitwa Mirama Hills. Kuanzia Jumatatu tarehe 10 Juni mwaka huo Gatuna ilifunguliwa kwa malori kwa majaribio, na tarehe 22 Juni majaribio hayo yakaisha. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022.

Kwa mawakala wa forodha na kampuni za usafirishaji za Kigali, kila tarehe kati ya hizo ilikuwa na kazi yake ofisini. Tangazo linalosikika pale simu isipopokelewa halikuwa kweli tena, na mtu fulani alipaswa kulibadili. Dereva anayetoka Mombasa huamua njia akiwa Ntungamo. Hapo barabara moja inakwenda Kabale na Gatuna, nyingine inashuka Mirama Hills, kama kilomita 37. Akipiga simu Kigali saa tano usiku na kusikia maelezo ya wiki mbili zilizopita, atachukua njia isiyo yake, na dizeli ya kurudi nyuma hakuna atakayemlipa.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu anavyoweza kubadili tangazo hilo bila kufika ofisini, njia zinazotumika, na mahali ambapo mambo huharibika.

Mfumo wenyewe

Mfumo wa kujibu simu kiotomatiki unaweza kuwa kifaa kidogo kilichounganishwa na simu ya mezani, sanduku la ujumbe wa sauti linalotolewa na kampuni ya simu, au kompyuta inayopokea simu nyingi kwa wakati mmoja na kumwambia mpigaji abonyeze moja kwa Kinyarwanda, mbili kwa Kiswahili, na kuendelea. Yote matatu yanafanya jambo lile lile. Sauti imehifadhiwa mahali, na simu ikiingia sauti hiyo inachezwa. Kubadili tangazo ni kuweka sauti mpya mahali pa ile ya zamani.

Swali la kwanza la mwenye ofisi basi ni hili: sauti yangu inakaa wapi? Ikiwa iko ndani ya kifaa kilicho mezani Gikondo, umeme ukikatika hakuna tangazo, na baadhi ya vifaa visivyo na betri hupoteza hata sauti iliyorekodiwa na kurudia ile ya kiwandani. Ikiwa iko kwa kampuni ya simu, usalama wake unategemea uhai wa kampuni hiyo. Rwanda imeliona hilo. Rwandatel, iliyokuwa na simu za mezani za nchi, iliuzwa kwa Terracom mwaka 2005, ikaenda kwa LAP Green ya Libya mwaka 2007, na leseni yake ikafutwa Aprili 2011. Mali zake zilichukuliwa na Liquid Telecom mwaka 2013. Tigo nayo, iliyoingia sokoni mwaka 2009, ilinunuliwa na Airtel mwaka 2018. Mwenye biashara asiyebaki na nakala ya matangazo yake kwenye kompyuta yake mwenyewe huanza upya kila mambo kama hayo yanapotokea.

Njia ya kwanza: kwa vitufe vya simu

Hii ndiyo njia ya zamani na bado ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu aliye barabarani, kwa sababu haihitaji intaneti. Mtu hupiga namba ya ofisi yake, husubiri tangazo lianze, hubonyeza nyota au alama ya reli kulingana na kifaa, huingiza namba ya siri, kisha huchagua kipengele cha kurekodi tangazo. Baada ya mlio huzungumza, hubonyeza kitufe cha kumaliza, na mfumo humrudishia sauti yake aisikilize. Akiridhika anaikubali. Asipoikubali, mifumo mingi hubaki na tangazo la zamani. Hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu baada ya kurekodi hukata simu wakidhani kazi imekwisha.

Kinachofanya njia hii iwezekane ni milio ya vitufe, iliyoanza kutumika kibiashara Marekani mwaka 1963. Kila kitufe kina milio miwili inayolia pamoja. Tano, kwa mfano, ni mlio wa hezi 770 na wa hezi 1336. Mashine ya upande wa pili husikiliza jozi hiyo na kujua tarakimu. Milio hiyo isipofika ikiwa safi, namba ya siri sahihi itakataliwa, na mwenye simu atadhani ameisahau.

Kwa simu ya mkononi ya kawaida tatizo hili ni dogo, maana simu haitumi mlio katika sauti. Inautaarifu mtandao kuwa kitufe fulani kimebonyezwa, na mtandao ndio unaotoa mlio. Tatizo huwa kwa simu zinazopita intaneti. Sauti ikibanwa sana ili itumie data kidogo, mlio hupotoka. Kwa sababu hiyo mifumo ya sasa hutuma tarakimu kama taarifa tofauti na sauti, na fundi anapaswa kuhakikisha pande zote mbili zimewekwa hivyo. Ikumbukwe pia kwamba WhatsApp haipigi namba ya simu ya mezani wala ya huduma. Mwenye duka la vipuri aliye Dubai na WhatsApp peke yake hana njia ya kuufikia mfumo wake kwa vitufe.

Kuna suala la gharama. Tangu Oktoba 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilipoanza mpango wa mtandao mmoja wa simu, bei ya simu kati ya nchi hizo ilishuka na gharama ya kupokea simu ukiwa nchi nyingine ya mpango ikaondolewa. Tanzania haikuwamo katika mwanzo huo. Kurekodi tangazo la nusu dakika, kulisikiliza na kulikubali huchukua dakika tatu au nne, na ukirudia mara tatu kwa sababu lori limepiga honi, muda unazidi. Ni afadhali kuandika maneno kwenye karatasi kwanza.

Njia ya pili: kutuma faili

Ofisi zenye mfumo wa kompyuta, mara nyingi uliojengwa juu ya programu huria ya Asterisk iliyotungwa na Mark Spencer mwaka 1999, huweza kubadili tangazo kwa kupakia faili la sauti kupitia ukurasa wa usimamizi. Sauti hurekodiwa kwa simu au kompyuta mahali penye utulivu, na ubora wake huwa mzuri kuliko ile iliyopita kwenye laini ya simu.

Yapo mambo mawili ya kiufundi ambayo mtumiaji wa kawaida hana budi kuyajua. La kwanza ni aina ya faili. Simu hubeba sauti kwa vipimo 8,000 kwa sekunde, kwa njia moja. Faili lililorekodiwa kwa ubora wa muziki, vipimo 44,100 na njia mbili, linaweza kukataliwa au kutoa ukimya mtupu, na mpigaji hufikiri laini imekufa. Inabidi ligeuzwe kwanza. Uzuri wake ni kwamba faili la simu ni dogo. Dakika moja katika mpangilio wa kawaida wa simu ni kilobaiti 480, na katika mpangilio wa GSM ni kama kilobaiti 100, kiasi kinachopita hata kwenye intaneti dhaifu ya mpakani.

La pili ni jinsi ya kulibadilisha. Simu ikiingia wakati faili jipya liko nusu ya safari, mpigaji atasikia nusu ya tangazo. Fundi mwangalifu hupakia faili kwa jina jingine, hulisikiliza, kisha hubadilisha jina mara moja. La zamani halifutwi, huwekwa kando likiwa na tarehe yake. Mwaka 2019 aliyefuta tangazo la Kagitumba tarehe 10 Juni alilihitaji tena tarehe 22.

Njia ya tatu: mfumo unaojibadilisha

Hapa tangazo halirekodiwi kila mara. Kompyuta huchukua taarifa kutoka kwenye jedwali na kuisoma, ama kwa kuunganisha vipande vya sauti vilivyorekodiwa tayari ama kwa sauti ya mashine. Kanda hii ina uzoefu wa kutosha. Soko la bidhaa za kilimo la KACE, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1997, liliwahi kuwapa wakulima na wachuuzi wa Kenya bei za masoko kwa simu ya sauti, kwa Kiswahili au Kiingereza, sambamba na ujumbe mfupi. Baadaye Wizara ya Kilimo ya Kenya ilikuwa na huduma ya NAFIS, ambapo mhariri aliandika maelezo kwenye tovuti na mashine ikayasoma kwa aliyepiga simu. Ethiopia ilianzisha namba 8028 kwa wakulima mwaka 2014 kwa Kiamhari, Kioromo na Kitigrinya, nayo iliweza hata kuwapigia wakulima kuwatahadharisha.

Tofauti ya huduma hizo na ofisi ya wakala mwenye malori sita ni kubwa. Zilikuwa na watu wa kukusanya taarifa kila siku. Mfumo unaojibadilisha haujui kuwa mpaka umefungwa. Lazima mtu aandike. Kwa ofisi ndogo, menyu yenye vipengele saba na sauti ya mashine ni gharama isiyo na faida, na mpigaji huishia kubonyeza sifuri akitafuta binadamu.

Ratiba ya saa, kwa upande mwingine, inafaa karibu kila ofisi. Mfumo huwekewa tangazo la saa za kazi, la usiku, la sikukuu na la Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambapo asubuhi ni umuganda na ofisi hufunguliwa baadaye. Serikali ya Rwanda ilipobadili saa rasmi za kazi kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kuanzia Januari 2023, ofisi zilizofuata saa hizo zilipaswa kubadili vitu viwili: maneno ya tangazo na ratiba ya mfumo. Kubadili kimoja na kusahau kingine ni kosa la kawaida sana. Tangazo linasema ofisi inafunguliwa saa tatu, na mfumo unapokea simu tangu saa mbili bila mtu wa kuongea.

Saa ya Kigali si saa ya Dar es Salaam

Hili linahitaji maelezo zaidi kwa sababu ndilo linalowachanganya wasafirishaji. Rwanda iko nyuma kwa saa moja ikilinganishwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Goma na Bukavu zinatumia saa ya Kigali, lakini Kinshasa iko nyuma kwa saa moja zaidi. Dereva aliye Benako, kilomita chache kabla ya Rusumo, anaposikia kuwa ofisi inafunga saa kumi na moja, saa iliyo mkononi mwake inasoma saa kumi na mbili wakati huo unapofika. Kwa hiyo kila saa inayotajwa ifuatwe na maneno "saa za Kigali" au, vizuri zaidi, itajwe mara mbili: saa mbili asubuhi Kigali, saa tatu Tanzania na Uganda.

Seva nayo ina saa yake. Ikiwa mfumo umekodishwa kwa kampuni ya Nairobi na saa haikurekebishwa, tangazo la kufunga litaanza saa moja kabla ya wakati. Ikiwa seva iko Ulaya, kosa litajitokeza mara mbili kwa mwaka wanapobadili saa za majira ya joto na baridi, jambo ambalo Rwanda haina.

Halafu kuna lugha. Waswahili na Wanyarwanda huhesabu saa kutoka mawio ya jua. Mashine haijui hivyo. Ikipewa 08:00 na kuambiwa isome kwa Kiswahili bila kusahihishwa, itasema "saa nane", na mwenye mzigo atakuja saa nane mchana wakati aliitwa saa mbili asubuhi. Kila tangazo la Kiswahili lililotungwa na mashine lisikilizwe na Mswahili kabla ya kuwekwa.

Lugha nne, tangazo moja

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, kikaungana na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa biashara ya mpakani zote nne zina wateja. Mwenye ghala Goma anaweza kutaka Kifaransa au Kiswahili, dereva wa Tanga anataka Kiswahili, mteja wa Kampala Kiingereza. Lakini tangazo la lugha nne maana yake ni rekodi nne kila jambo linapobadilika, na mara nyingi anayebadili hubadili la Kinyarwanda na la Kiingereza, kisha akaitwa kwingine. Wapigaji wawili wanapata majibu mawili kutoka ofisi moja.

Dawa iliyopo ni kugawa tangazo. Sehemu isiyobadilika, yaani jina la kampuni, mtaa, saa za kazi na namba ya simu ya zamu, irekodiwe mara moja kwa utulivu katika lugha zote. Sehemu inayobadilika iwe sentensi moja au mbili tu, katika faili lake, ichezwe mwanzoni. Ofisi isiyoweza kurekodi lugha nne kwa dharura ianze na Kiswahili na Kinyarwanda, na zile lugha nyingine zinyamazishwe kipande hicho kuliko kuacha la zamani liendelee kusikika.

Tangazo la dharura litaje siku na saa lilipotolewa, na siku litakapokwisha. Mfano wa maneno:

"Tangazo hili limetolewa Jumatatu tarehe kumi Juni, saa nne asubuhi saa za Kigali. Malori yanaweza kupita Gatuna hadi tarehe ishirini na mbili Juni. Baada ya tarehe hiyo piga tena kabla hujapita Ntungamo. Kwa uhakika wa forodha piga Mamlaka ya Mapato, 3004, ukiwa Rwanda."

Anayesikia hayo tarehe 25 Juni atajua mwenyewe kuwa tangazo limechacha, hata kama mwenye ofisi amelisahau. Mifumo mingi ya kompyuta inaruhusu pia kuweka tarehe ya mwisho ili tangazo lijiondoe. Namba 3004 ya RRA ni fupi na hupigwa ndani ya Rwanda. Kwa walio nje itajwe namba kamili ya ofisi, ikianza na 250. Zamani kila tangazo lililotaja namba lilipaswa kurekodiwa upya hata kwa sababu hiyo peke yake, kama mwaka 2009 Rwanda ilipoongeza tarakimu kwenye namba za simu.

Namba ya siri na wezi

Mlango unaomruhusu mwenye ofisi kubadili tangazo akiwa Mombasa unamruhusu yeyote mwenye namba ya siri. Vifaa vya zamani vya mezani vilikuwa na namba ya siri ya tarakimu mbili, yaani uwezekano 100 tu. Tarakimu nne ni 10,000, sita ni 1,000,000. Hata hivyo hesabu hiyo haisaidii ikiwa namba ya kiwandani haikubadilishwa. Waandishi wa gazeti la News of the World la Uingereza, lililofungwa Julai 2011, walisikiliza ujumbe wa sauti wa watu wengi, na mojawapo ya njia ilikuwa kutumia namba za siri za kampuni ya simu ambazo wenyewe hawakuzibadili.

Kwa mfanyabiashara, hatari kubwa zaidi ya kusikilizwa ni kubadilishiwa tangazo. Mtu anayeingia anaweza kurekodi kwamba malipo ya ushuru na ghala sasa yatumwe kwa namba mpya ya pesa za simu, na mteja ataamini kwa sababu amepiga namba anayoijua. Kwa sababu hiyo namba ya malipo isitajwe kamwe kwenye tangazo linaloweza kubadilishwa kwa mbali, na wateja waambiwe hivyo kwenye ankara. Wezi wengine hulenga laini yenyewe: wakiingia kwenye mfumo huelekeza simu kwenda nchi za mbali usiku, na bili humfikia mwenye ofisi. Simu za kimataifa zifungwe kwenye mfumo wa kujibu ikiwa hazihitajiki. Mfumo ufunge mlango baada ya majaribio matatu, na mfanyakazi anapoondoka namba ibadilishwe siku hiyo hiyo. Malalamiko kuhusu kampuni ya simu hupelekwa RURA, namba 3988.

Ikiwa mfumo pia unarekodi wapigaji, majina na namba zao zinaangukia chini ya sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, namba 058/2021, iliyotolewa Oktoba 2021. Tangazo linapaswa kumwambia mpigaji kuwa anarekodiwa. Aidha, si vema kutaja kwenye tangazo namba za malori au wenye mizigo, hata kama inaonekana kurahisisha kazi. Mwizi wa shehena naye hupiga simu.

Nani abadili, na nani ahakikishe

Ofisi nyingi zina mtu mmoja anayejua namba ya siri, na mtu huyo ndiye huwa hewani kwenye ndege habari inapotoka. Watu wawili wanatosha, kila mmoja na namba yake ikiwa mfumo unaruhusu, na daftari au ujumbe wa barua pepe unaoonyesha nani alibadili nini na saa ngapi. Habari yenyewe itoke kwa mamlaka inayohusika. Picha iliyosambazwa na madereva kuwa mpaka umefungwa haitoshi, maana picha hizo huzunguka hadi miezi kadhaa baada ya tukio.

Baada ya kubadili, simu ya kuhakikisha ipigwe kutoka laini nyingine, si ile iliyotumika kurekodi. Baadhi ya mifumo hutambua namba ya msimamizi na kumpeleka moja kwa moja kwenye menyu yake bila kumchezea tangazo analosikia mteja. Ni vizuri mhakiki awe nje ya Rwanda, kwa mfano karani wa Kampala au dereva aliyeegesha Kahama, abonyeze kila lugha, asikilize hadi mwisho, na aandike saa aliyoambiwa na saa iliyo kwenye simu yake.